Muhuri Ulipolala

Ukutani, ofisi ya tarafa, pametundikwa karatasi
ndani ya fremu ya dhahabu bandia:
"Makao makuu yalianzishwa hapa Mikwasu
tarehe mosi Julai, kwa ridhaa ya wananchi."
Nimeisoma mara tatu nikisubiri namba yangu.
Ridhaa hiyo ilikuwa na magurudumu manne
na ilikwama kwenye tope.

Babu yangu, Kondo Mlanzi, alikuwa tarishi.
Barua ilitoka Dar es Salaam, ikasema Nyamalale.
Nyamalale ndiko kulikokuwa na barabara, na ghala la korosho,
na zahanati yenye kitanda kimoja.
Nyamalale walishachimba shimo la mlingoti,
walishanunua mbuzi, walishamlipa mpiga zumari nusu.
Mikwasu hatukuwa na kitu.
Tulikuwa na mteremko.

Masika yakaja bila hodi. Pale korongoni
Landrova ikainama kama mtu anayetafuta sindano.
Wakateremsha meza, viti viwili, kimoja kibovu tangu mjini,
sanduku la bati la mafaili, mlingoti wa bendera,
na muhuri, umo ndani ya soksi ya karani, usilowe.

"Usiku mmoja tu," alisema karani Rweyongeza,
kijana wa Bukoba, Kiswahili chake kimepigwa pasi.
Bi Siwatu Mwinyigoha akawafungulia banda la kuku.
Kuku walilalamika. Hawakuwa wameandikiwa.

Usiku mmoja ukazaa wiki, wiki ikazaa mwezi.
Babu alilalia muhuri, asiuibe mtu,
akaamka asubuhi na neno TARAFA shavuni.
Habari zikavuka korongo. Wakaja Nyamalale wenyewe,
suruali zimekunjwa hadi magotini,
kuandikisha watoto, kuomba kibali cha ngoma,
na mmoja, Mtoro Kibwe, kumshtaki jirani
aliyesogeza mpaka wa shamba usiku, hatua mbili,
na alfajiri akamwamkia kwa heshima zote.
Wino ulipokwisha Bi Siwatu akakoroga masizi
na mafuta ya maganda ya korosho.
Hati za mwaka ule ukizifunua
zinakuwasha vidole.

Tetea mmoja, mwekundu, akaatamia faili la Nyamalale.
Vikatoka vifaranga tisa.
Nani angelihamisha?

Mvua ilipokatika mjini walikwisha kuzoea
kuandika Mikwasu juu ya bahasha.
Ndivyo ilivyokuwa. Hapakupigwa kura.
Shimo la mlingoti la Nyamalale likajaa maji,
vyura wakahamia, watu wakapaita Bendera.
Hadi leo panaitwa Bendera, kuna kijiwe cha bodaboda,
na ukiwauliza vijana bendera ipi
wanadhani unatafuta timu.

Jiji nalo limetufuata huku kusini,
halikuuliza njia. Limekuja na lami, na fremu za maduka,
na bikoni za wapimaji kila unapotia mguu.
Banda likawa chumba, chumba kikawa jengo,
jengo likapakwa rangi ya maziwa na bluu.

"Namba sabini na mbili."

Kijana wa dirishani hainui macho.
— Kiwanja kiko wapi, mama?
— Hapa.
— Hapa wapi?
— Hapo ulipoketi.

Sasa ananitazama.
Namweleza: masika yaliyofuata babu alimwoa binti wa Bi Siwatu,
wakamzaa mama, mama akanizaa mimi.
Namweleza muhuri ule uligonga karatasi za kila mtu,
vizazi, ndoa, mipaka, hata mbwa wa misheni alipewa cheti,
isipokuwa karatasi ya mwenye banda.
Hakuomba. Alidhani mgeni akiondoka
mtu hurudishiwa nyumba yake.

Kijana anavuta droo, anaifunga.
Muhuri wake wa plastiki, unajipaka wino wenyewe.
Anasema mtandao hauko, nirudi Jumatatu.

Navuta kiti. Kimoja kibovu, nachukua kile kingine.
Nasema nitangoja.
Kwetu usiku mmoja tunaujua urefu wake.